Usinikatie Bibi Anayehesabu Chenji

Nimeichoka sentensi moja, na wiki hii nimeisikia tena: "Hapo kata, vijana wa siku hizi hawana subira." Ameisema prodyuza aliyesimama nyuma ya kiti changu, rafukati, yaani mkato wa kwanza wa filamu, haijafika hata katikati, kwenye sini ya bibi muuza vitumbua anayemrudishia mteja chenji. Bibi anajua mteja ana haraka. Mteja anajua kwamba bibi anajua. Kichekesho chote kimo kwenye zile sarafu zinazowekwa kiganjani moja moja, huku bibi akiuliza mama wa nyumbani hajambo, na yule mdogo alishapata kazi? Ukizikata sarafu, umebaki na mwanamke anayetoa chenji.

Sentensi hiyo ina pacha wake, na huyo namsikia kwa wakubwa zangu: "Vichekesho vilikuwa zamani, hivi vya sasa kelele tupu." Wasemaji hawa wawili hujiona wapinzani, kumbe imani yao ni moja, kwamba umri ndio unaoamua mtu acheke nini. Mimi nahariri vichekesho. Kutwa naangalia watu wakicheka na wakigoma kucheka, na nasema imani hiyo inatuharibia filamu.

Subira kwanza, maana hilo ni jepesi. Binti anayedaiwa hana subira anamaliza tamthilia ya Kikorea ya sehemu 16, kila moja karibu saa nzima, kwa siku chache, kisha anahamia ya Kituruki ambamo watu wawili wanatazamana weee bila kusema neno. Huyo subira anayo tele. Asichokitaka ni kungojeshwa bure, na tuliomchosha ni sisi. Enzi za VCD na DVD, hadithi moja ya bongo muvi iliuzwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na diski yake. Hadithi ya diski moja ikavutwa mpaka ijaze mbili: gari linafika getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea, anabonyeza kengele. Ule urefushaji ulikuwa hesabu ya biashara. Hakuna mzee wala kijana aliyeuomba. Lakini ndani ya filamu zile zile mchekeshaji marehemu King Majuto alisimama tu akimkazia mwenzake macho, kimya, na kimya kile vijana wanarushiana kwenye simu hadi leo, miaka kadhaa tangu atutoke mwaka 2018. Kimya cha getini na kimya cha Majuto kwenye taimlaini, ule mstari wa shoti kwenye kompyuta ya mhariri, vinaweza kuwa na urefu sawa. Mhariri asiyeona tofauti yake aache kuwasingizia vijana.

Na kabla hujasema "hawa hawawezi kufuatilia", jua waliokutangulia kuisema. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri mkoani Tanga, Waingereza waliendesha mradi wa sinema ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Mwaka 1939 serikali yao ikaunda Colonial Film Unit, kitengo cha filamu za makoloni, na William Sellers, mtu wake mkubwa, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini huchanganywa na mikato ya haraka, kwa hiyo shoti ziwe ndefu, hadithi iende polepole, ujanja wa kamera usiwepo. Wakati huohuo watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wakilipa viingilio vyao majumbani mwa sinema kuangalia filamu za Kihindi na za Kimarekani, nyimbo, ndoto, kumbukumbu na yote, na wakifuatilia vizuri kabisa. Kwa hiyo babu zetu waliambiwa mkato wa haraka umewashinda, na sisi leo tunawaambia wajukuu zao shoti ndefu imewashinda. Safari zote mbili hakuna aliyemuuliza mtazamaji.

Hata hilo neno "wazee" nalitilia shaka. Kenya ina televisheni tangu 1962. Tanzania Bara tuliipata 1994. Mtu wa miaka 60 wa Nairobi alikua akiwaona Vioja Mahakamani na Vitimbi, vichekesho vya televisheni ya Kenya, amezoea kucheka kabla mhusika hajafungua mdomo, kwa kofia tu na mwendo. Mwenzake wa Dodoma alilelewa na redio, na mchezo wa Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania, na anachekea neno, fumbo, sauti inayobadilika. Rika moja, macho ya huyu, masikio ya yule.

Sasa niingie kwenye lililonikaa rohoni, ambalo kwenye vikao vya skripti halitajwi kabisa. Nyumba nyingi zina TV moja, ipo sebuleni. Kwenye kochi yupo baba, mama, binti wa miaka 19, na bibi aliyekuja mjini kutibiwa macho. Inakuja sini ya bwana harusi mzee anayejaribu kupanda kitanda kirefu usiku wa kwanza. Binti anainamia simu. Baba anakohoa, anauliza rimoti iko wapi. Mama anakumbuka sufuria jikoni. Anayecheka ni bibi, tena anacheka mpaka kanga inamvuka bega, na anaongeza lake ambalo mwandishi wa skripti asingethubutu.

Ukihesabu kwa umri utasema vijana hawakuipenda na wazee waliipenda. Lakini mtoe baba. Binti na bibi wakibaki wawili, hiyo sini itarudishwa nyuma waione upya. Huyu ndiye bibi anayemwita mjukuu wake "mke mwenzangu", na wa kiume "mume wangu". Bibi na mjukuu ni watani, wana ruhusa. Mzazi na mwana wana haya baina yao, na haya hiyo ndiyo inayokaba kicheko kooni. Kizazi kinaruka kimoja ndipo kinacheka pamoja. Sasa wewe unaniletea filamu ya "familia nzima", umepima miaka ya watazamaji, hukuuliza nani atakaa karibu na nani!

Mimi najitetea hivi. Nikijua filamu inaenda sebuleni, nakata mapema kutoka kitandani na kubaki kwenye uso wa shangazi aliye nje ya mlango, anayesikia lisilompasa kusikia. Hapo baba na binti wanapewa kitu cha kuchekea kwa pamoja, aibu ya shangazi, wala hakuna anayelazimika kukiri kwamba ameelewa. Ikienda kibanda umiza, kile kibanda cha kulipia kuangalia video mtaani, naacha nafasi ya sekunde mbili hivi, fremu 50, baada ya kila kituko, kwa sababu kelele za watu zitaufunika mstari unaofuata. Ikienda kwenye simu na iaphoni, zile spika za masikioni, nafasi ileile ni shimo, maana mtazamaji yuko peke yake. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza kicheko, alikuta watu hucheka takribani mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Mzee wa miaka 70 mwenye iaphoni naye hatacheka kwa sauti.

Vipo vichekesho ambavyo kweli vinafia kwenye miaka. Wachekeshaji wa Kenya, Redykyulass, walipomwigiza Rais Moi mwishoni mwa miaka ya 1990, nusu ya kicheko ilikuwa woga wa mtazamaji mwenyewe. Aliyezaliwa baada ya Moi kuondoka madarakani 2002 anaona mtu na rungu. Vilevile aliyekulia Dar es Salaam huenda asitofautishe lafudhi ya Mmakonde na ya Mmakua, na kichekesho kilichosimama juu ya lafudhi hiyo kitampita. Hapo kinachokosekana ni habari, ladha haina kosa.

Shaka yangu iko kwingine. Kijana anayependa video za kushtuana leo, akifika miaka 50 atazipenda bado, au atakuwa ameingia mahali pale walipo wazazi wake sasa? Umri na kizazi vimeshikana, na sijaona anayevitenganisha bila kubahatisha. Tena klipu za sekunde 15 zinaanza na kituko na kumalizia hapohapo, na sijaridhika kwamba hazitufanyi tuwe wazito wa kuandaa jambo. Hilo linanisumbua zaidi kwa waandishi kuliko kwa watazamaji.

Ila nimewatazama vijana kwenye daladala. Anaona klipu peke yake, anatabasamu kidogo, na kabla haijaisha kidole kiko kwenye kutuma. Haipeleki kwenye grupu la ukoo, alipo baba mkubwa. Inaenda kwa binamu zake, na akicheka kwa sauti ni pale binamu anapojibu.