Mnada umefungwa saa 20:00. Mshindi aandikiwe lini?

Siku ya Jumatatu asubuhi mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliingia ofisini kwetu, akaweka telefoni yake juu ya meza na kusema: "Soma mwenyewe, Papa." Alikuwa ameuza firigo kwa mnada katika kundi la WhatsApp. Mnada ulifungwa Ijumaa saa 20:00, bei ya mwisho dola 180. Kuanzia hapo, katika mazungumzo yake na mshindi hapakuwa na neno hata moja hadi Jumapili saa 16:00, alipoandika: "Yambo. Firigo iko. Unakuya lini?" Jibu lilifika baada ya dakika chache: "Mama, si nilishalipa jana? Mimi ndiye ninayengojea firigo."

Mshindi alikuwa amelipa kweli, ila pesa hazikufika kwa mama. Jumamosi asubuhi mtu fulani alimwandikia mshindi kwa namba ngeni, lakini akiwa ameweka picha ileile ya mama na jina lilelile: "Namba yangu ingine haipokee feza. Tuma kwa hii, firigo itakufikia mchana." Yule baba wa watu alituma dola 180 zote. Pesa zilitolewa siku hiyohiyo kwa kabini, yaani kibanda cha kutolea pesa za simu.

Mama hakunyamaza kwa ubaya. Ijumaa usiku umeme ulikatika mtaani kwao na telefoni ikazimika. Jumamosi alishinda kwenye kilio huko Kenya, ile komini ya hapa mjini. Sisi sote tumewahi kupitisha siku mbili za namna hiyo. Hata hivyo, kati ya Ijumaa saa 20:00 na Jumapili saa 16:00 zilipita saa 44, na katika saa hizo mtu mmoja tu ndiye aliyezungumza na mshindi. Ni mwizi.

Nimekuwa nikishauri wachuuzi wadogo hapa Lubumbashi kwa muda, na swali la mshindi aandikiwe lini huulizwa kama swali la adabu. Mimi naliona kama swali la usalama kwanza. Katika kundi la kawaida la WhatsApp namba za wanakundi wote huonekana. Mnada unapofungwa, kila aliye ndani anajua kitu kilichouzwa, bei yake, nani amekishinda na namba yake ni ipi. Mwizi ana kila anachohitaji. Kitu pekee kinachoweza kumfungia njia ni kwamba mshindi awe tayari amesikia kutoka kwa muuzaji halisi. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: mwandikie ndani ya saa moja. Na kabla ya hapo, ndani ya dakika kumi za kwanza, andika kundini mbele ya wote kwamba mnada umefungwa, nani ameshinda na kwa bei gani.

Najua wengine watasema saa moja ni haraka mno, kwamba hata huko mnada wa intaneti ulikoanzia watu walipewa siku. Ni kweli. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake huko California mnamo Septemba 1995, ule uliokuja kuitwa eBay, muuzaji na mshindi walitafutana wenyewe kwa barua pepe, na kanuni ya miaka ile iliwataka wawasiliane ndani ya siku 3 za kazi. Lakini fikiria dunia ya wakati huo. Watu walifungua barua pepe mara moja kwa siku, wengine wakiwa ofisini tu, na malipo mengi yalikuwa hundi iliyosafiri kwa posta. Leo kwenye eBay mashine yenyewe humtumia mshindi taarifa mara mnada unapofungwa, na yeye ana siku 4 za kulipa kabla muuzaji hajaruhusiwa kufuta mauzo. Kwa hiyo hata huko zile siku zimebaki kwa ajili ya kulipa. Habari ya kushinda haingoji tena. Kwenye makundi yetu hakuna mashine ya kutuma taarifa hiyo. Kazi hiyo iko juu ya muuzaji, na asipoifanya hakuna atakayeifanya kwa niaba yake, isipokuwa yule mwenye picha ya kuazima.

Sababu ya pili ni pesa ya mshindi. Anayetoa dola 180 kwa firigo katika mji huu, mara nyingi pesa hiyo ameitoa mahali fulani: zamu yake ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, imefika, ama amelipwa kazi ya mwezi. Usiku ule wa mnada pesa iko mfukoni na moyo bado una moto. Kesho yake mtoto anarudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya minervali (ada ya shule), mwenye nyumba anapiga hodi. Hata asipoguswa na lolote, atapita sokoni na kuona firigo nyingine ya dola 170 ambayo anaweza kuigusa kwa mkono. Wauzaji wengi wanaolalamika kwamba "washindi wa siku hizi hawana neno" walimwacha mshindi siku mbili bila neno, kisha wakashangaa kumkuta amebadili mawazo. Simtetei anayekimbia bei aliyoitoa mwenyewe. Nasema tu kwamba muuzaji ana uwezo mkubwa wa kupunguza ukimbizi huo, na uwezo wenyewe haugharimu zaidi ya ujumbe mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti. Wapo wauzaji wanaonyamaza makusudi. Mnada umefungwa kwa 180, na usiku mtu wa pembeni anawaandikia: "Mimi nitakupa 200." Basi wanamwacha mshindi angoje huku wakipima. Sheria ya nchi yetu, Kongo, haiko upande wao. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ni msingi wa sheria yetu ya kununua na kuuza, inasema mauzo yanakamilika kati ya wawili mara wanapopatana juu ya kitu na bei, hata kama kitu bado hakijatolewa wala bei haijalipwa. Kama ulitangaza kwamba mwenye bei ya juu saa 20:00 ndiye mnunuzi, saa 20:01 firigo si yako tena ya kuitembeza. Na usidhani kwamba maneno ya telefoni ni upepo. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeyapa maandishi ya kielektroniki nafasi yake kama ushahidi. Mshindi aliyehifadhi picha za mazungumzo ya kundi ana kitu cha kuonyesha.

Sasa tuangalie ujumbe wenyewe, kwa sababu "Hongera, umeshinda" haitoshi. Mama yule wa Katuba nilimsaidia kuandika ujumbe atakaoutumia kwa mnada wake unaofuata, nasi tukauacha katika lugha yake ya kila siku: "Yambo Papa. Ni miye Mama wa mashini ya kushona. Njo weye ulishinda leo saa 20:00, dola 95. Mashini iko kwangu Katuba, unaweza kuya kuiona kesho ama kesho kutwa, kuanzia saa 9:00 mpaka saa 17:00. Utaiona kwanza, kisha utalipa. Namba ya kulipia ni ileile niliandika ku tangazo, haitabadilika. Unijibu tu kama umesoma. Aksanti."

Tazama kilichomo. Kitu kimetajwa, kwa sababu mtu anaweza kuwa ametoa bei kwenye minada mitatu usiku mmoja. Bei imetajwa pamoja na sarafu yake. Hapa kwetu dola na franka zinatembea pamoja na kiwango cha kubadilisha kinaweza kuhama kati ya usiku wa mnada na siku ya malipo. Kama unakubali franka, andika kiwango usiku uleule. Siku na saa za kuja zimetajwa, hivyo mshindi hana kazi ya kubembeleza. Ameombwa jibu dogo tu, si pesa. Na kuna ile sentensi kuhusu namba ya kulipia, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Namba ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, pamoja na jina ambalo imeandikishwa, iwe ndani ya tangazo la mnada tangu mwanzo, kabla bei ya kwanza haijatolewa. Wote waione, na msimamizi wa kundi aione. Hapo mtu mwingine akija na hadithi ya namba iliyoharibika, mshindi ana kipimo mkononi. Kama kweli ni lazima ubadilishe namba, usimwandikie mshindi peke yake. Mpigie, asikie sauti yako, kisha tangaza badiliko hilo kundini kutoka kwenye namba yako ya zamani.

Umeme na mtandao havitungoji. Ukijua kwamba kwenu umeme hukatika usiku, funga mnada saa 17:00 au siku ya Jumamosi mchana, wakati telefoni ina moto na wewe una nafasi ya kukaa nayo. Sielewi kwa nini tumejizoeza kufunga minada usiku na kisha kwenda kulala. Na ukiandika saa, andika 20:00, usiandike "saa mbili" wala "saa nane". Kati yetu wapo wanaohesabu kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa, na bei ya dakika ya mwisho imekwisha kuleta ugomvi kwa sababu hiyo tu. Kama kundi lina watu wa Kinshasa, ongeza "saa ya Lubumbashi", maana wao wako nyuma yetu kwa saa moja.

Ukishatuma, soma alama za WhatsApp kwa haki. Alama moja maana yake ujumbe haujafika kwenye telefoni yake. Huenda imezimwa, kama ilivyokuwa ya yule mama. Usianze kumhesabia mtu muda kabla ya alama ya pili. Asubuhi ikifika bado ni moja, piga simu ya kawaida au tuma SMS, kwa sababu hizo hazihitaji intaneti. Alama mbili zikishatokea, mpe saa 24 za kujibu. Akijibu, mpe saa 48 za kuja kuona na kulipa, au zaidi kama yuko Likasi au Kolwezi na mzigo utapanda basi. Lakini usimpigie mara kumi usiku wa manane. Mshindi anayesukumwa hivyo huanza kudhani kitu kina kasoro, na mara nyingine hakosei.

Saa 24 zikipita kimya, mwandikie mara ya mwisho kwamba saa fulani utamgeukia mtoa bei wa pili, kisha fanya ulivyosema. Hapa ndipo faida ya kuanza mapema inapoonekana. Mtoa bei wa pili ukimfikia kesho yake, bado anakitaka kitu. Ukimfikia baada ya wiki, pesa yake iko kwenye kitu kingine. Mpe kwa bei yake mwenyewe ya mwisho. Kama alisimama kwenye 175, usimwambie 180. Hiyo ni bei ya mtu mwingine. eBay nao hufanya hivyohivyo: ofa ya pili huenda kwa bei ya juu kabisa aliyoitoa yule mtu, na muuzaji huchagua ofa hiyo iishi siku 1, 3, 5 au 7. Kwa mji mmoja kama wetu siku 1 yatosha.

Na wewe uliyeshinda, usikae kungoja kama mtu aliyeandika barua ya kuomba kazi. Saa moja ikipita kimya, andika wewe kwa namba iliyotoa tangazo, ama uliza kundini mbele ya wote. Anayekuja kwako faraghani akiwa na namba usiyoijua, mwombe atume sauti au apige picha ya kitu hicho wakati huo huo, kikiwa na karatasi yenye jina lako pembeni. Mwizi hana firigo ya kupiga picha. Kama nyote mko mjini, nenda uone, washa, sikiliza, ndipo ulipe, na jina linalotokea kwenye ujumbe wa malipo lilingane na lile la tangazo.

Ile firigo ya dola 180 bado iko Katuba. Mshindi amekwenda kuiona mara moja, akiwa na mke wake, na mama amekubali kuishikilia hadi mwisho wa mwezi bila kuiuza kwa mwingine. Malalamiko yamefikishwa kwenye kampuni ya simu na polisi, pamoja na picha za mazungumzo yote mawili.