Kwa nini taa ya getini inamwona paka ila wewe haikuoni

Kwa wateja wangu wa Dar es Salaam, malalamiko kuhusu taa za kujiwasha huwa ni mawili tu. La kwanza: "Fundi, inawaka hovyo usiku kucha." La pili: "Fundi, mpaka niipungie mikono ndiyo iwake." Mara nyingi yote mawili yanatoka nyumba moja, kuhusu taa ileile. Na karibu kila mara nikipanda ngazi nakuta skrubu iliyoandikwa SENS, yaani ya wepesi wa kuhisi, imeshazungushwa hadi mwisho.

Nyuma ya kile kikuba cheupe cha plastiki kuna kihisi cha aina ya PIR, yaani cha kupokea infraredi. Hakirushi mwanga wala mawimbi yoyote, kazi yake ni kupokea tu. Kila chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, na ya mwili wa mtu huwa na nguvu zaidi kwenye urefu wa mawimbi wa mikromita 9 hadi 10 hivi. Ndani ya kihisi kuna vipande viwili vidogo vilivyounganishwa kinyume. Joto likivifikia vyote kwa pamoja, umeme wa kimoja unafuta wa mwenzake na hakuna kinachotokea. Ukikatiza mbele yake, joto lako linapiga kipande cha kwanza, kisha cha pili, na umeme unapanda halafu unashuka. Saketi inasubiri huko kupanda na kushuka tu.

Kwa hiyo kihisi hiki hakimjui mtu, kinajua badiliko la joto. Ukitulia tuli, kwake umeshaondoka. Waliowahi kuzimiwa taa wakiwa wamekaa kwenye choo cha ofisini wananielewa.

Kikuba chenyewe ni lenzi, na ukiishika utaona imegawanywa vyumba vyumba. Ni lenzi ya Fresnel, jina la Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyezibuni lenzi za namna hiyo miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Hapa hutengenezwa kwa plastiki ya polithini kwa sababu inapitisha mionzi ya joto. Kioo cha dirisha huizuia, kwa hiyo usihangaike kufunga kihisi cha PIR ndani ukitegemea kiangalie nje. Kila chumba cha lenzi kinatazama ukanda wake, na kati ya ukanda na ukanda kuna upofu. Anayekata kanda hizo kwa upande anaonekana upesi. Anayekuja moja kwa moja kuelekea kihisi anaweza kutembea ndani ya ukanda mmoja hatua kadhaa bila kugundulika. Sasa fikiria taa iliyofungwa juu ya geti ikitazama njia ambayo wageni wanakuja nayo. Naziona kila mtaa. Ihamishie kwenye ukuta wa pembeni ili mgeni apite mbele yake, na nusu ya matatizo yameisha bila kugusa skrubu.

Tuje kwenye skrubu. Umeme unaotoka kwenye vile vipande ni hafifu mno, lazima ukuzwe kwanza ndipo upimwe kama umefika kiwango cha kuwasha taa. Kwenye vihisi vingi vya bei nafuu, SENS inabadilisha ukuzaji huo. Haikiongezei kihisi macho. Ni kama kuongeza sauti ya redio isiyoshika stesheni vizuri: mtangazaji anasikika zaidi, na mikwaruzo nayo vilevile.

Pwani yetu ndiyo inayoumbua jambo hili. Kihisi hupima tofauti kati ya joto lako na la kilicho nyuma yako. Februari, saa moja jioni, ukuta uliochomwa na jua kutwa unaweza kuwa na joto linalokaribia la ngozi yako, nyuzi 33 au 34 hivi. Tofauti inakuwa ndogo sana, na taa inakuwa nzito. Mwenye nyumba anachukua bisibisi, anaongeza SENS, taa inawaka, anaenda kulala kwa furaha. Kufika saa tisa usiku ukuta umepoa. Tofauti imekua, ukuzaji bado uko juu, na paka anayepita mbali anatosha kabisa kuwasha taa. Vihisi bora vina fidia ya joto, hujiongezea ukuzaji hewa ikiwa moto na kujipunguzia ikipoa. Ukinunua kihisi cha alamu, uliza hiyo kabla ya kuuliza kinafika mita ngapi.

Mjusi ana kesi yake. Joto lake halipishani sana na la ukuta, ila anafuata wadudu waliovutwa na taa, na akitembea juu ya lenzi yenyewe anaziba kanda kadhaa kwa mpigo. Hapo skrubu haisaidii kitu. Futa lenzi, toa utando wa buibui, na kama taa inawaka usiku kucha karibu na kihisi, vitenganishe.

Wengine wanaambiwa dukani wahamie kwenye vihisi vya mawimbi ya redio, vingi vya gigahezi 5.8. Hivi hurusha mawimbi na kusikiliza yanavyorudi yakiwa yamebadilika kidogo kwa sababu ya mwendo. Joto la Februari haliviathiri. Lakini vinapenya mbao na kuta nyembamba, vinaona feni ikizunguka chumba cha pili na matawi ya mwembe yakipepea. Kwa korido ya ndani navipenda, kwa uani hapana. Kwenye alamu ya wizi nafunga vile vyenye aina zote mbili ndani ya kasha moja, ambavyo havilii mpaka aina zote mbili zikubaliane.

Ukitaka kurekebisha ya kwako, kihisi kikae kama mita mbili na nusu kutoka chini. Weka SENS katikati na TIME, skrubu ya muda ambao taa inabaki imewaka, chini kabisa, ili usisubiri dakika tano kila jaribio. Kama unajaribu mchana, LUX, skrubu ya kiasi cha giza kinachoruhusu taa kuwaka, iwe upande wenye alama ya jua, la sivyo haitawaka hata ukicheza ngoma mbele yake. Halafu mwambie mtu akatize, asije moja kwa moja. Jaribio la mwisho lifanye jioni ya joto, na kama bado inasuasua ongeza SENS kidogo kidogo, ukiacha usiku mmoja upite kabla ya kuongeza tena.