Malkia Victoria Hakumzawadia Mtu Kilimanjaro

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mwalimu aliyeleta wanafunzi wake kutoka Dodoma. Tumesimama kwenye Mnara wa Saa hapa Moshi, akawageukia vijana akawaambia Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, mlima huu kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya umepinda. Nilingoja amalize, maana ni mwalimu na yuko mbele ya wanafunzi wake. Lakini mimi ni mwongoza wageni, hadithi hii naisikia kila msimu, na imenichosha.

Hebu tuhesabu miaka. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka mwaka 1886. Wilhelm wa Pili alishika kiti mwaka 1888. Wakati mlima unaangukia upande wa Wajerumani, Kaiser alikuwa babu yake.

Sasa fungua ramani. Fuata mpaka kwa kidole kutoka pwani: unakuja moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, pale unakunja, unaiacha Taveta kulia, unauzunguka mlima kwa kaskazini, kisha unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Kona hiyo ilitokana na karatasi. Juni 1885 Mjerumani Karl Jühlke alipata mkataba kwa Mangi (yaani mtawala wa Kichaga) Rindi wa Moshi, yule ambaye wazungu walimwita Mandara, na Wajerumani wakaushika mkataba huo kama hati ya kudai Uchagani. Mwaka mmoja nyuma Rindi alikuwa amempokea Mwingereza Harry Johnston. Wiki chache tu kabla ya Jühlke, alikuwa ameupokea msafara wa Sultani wa Zanzibar chini ya Lloyd Mathews. Huyo ni mtawala aliyekuwa akiwapima wageni wake mmoja mmoja, aone nani atamfaa.

Hadithi ya zawadi inamfuta Rindi, na hilo ndilo linaloniuma. Inamfuta na mwanawe Meli, ambaye askari wake waliwapiga Wajerumani mwaka 1892, kamanda wao von Bülow akafa. Wajerumani walirudi mwaka uliofuata na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli pamoja na viongozi wenzake huko Old Moshi. Mti walionyongewa upo hadi leo. Nikifika pale na wageni huwaomba simu zikae mfukoni kwanza, wasimame wautazame. Ukoo wake bado unalitafuta fuvu lake, linalosemekana lilipelekwa Ujerumani. Ukija Moshi, panda Old Moshi kabla ya kwenda geti la mlima. Nitalisema hili mpaka nistaafu.

Ukifika huko utaelewa na jambo jingine, kwamba mji wa Moshi haukuwa hapa ulipo. Moshi ya Rindi ni ile ya juu, kwenye migomba. Huu wa chini uliletwa na reli ya Tanga, iliyofika mwaka 1911 na kuishia tambarare.

Kahawa nayo. Wengi hudhani ushirika ulianzishwa na serikali baada ya uhuru. Wakulima wa Kichaga walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU, umoja wa vyama vyao vya ushirika, ikaandikishwa mwaka 1933.

Chemchemi ya Chemka si maji ya moto, jamani. Jina linatokana na maji yanavyobubujika kutoka chini. Mama mmoja alikuja na mayai ya kuchemshia.

Na msiseme mmedanganywa kwamba mlima unaonekana mjini. Mnaamka saa tatu, wingu limeshashuka. Tokeni nje saa kumi na mbili asubuhi, mtakiona kilele cha Kibo chote. Mkichelewa, jaribuni tena jua likizama.