Mita Imesoma 50, Tochi Imesoma Zaidi: Kagua Tairi Lako

"Afande, mita yangu ilikuwa 50." Kauli hii tunaisikia sana kwenye maeneo ya vibao vya 50, pale tochi, yaani kifaa cha askari cha kupimia mwendo, inaposoma zaidi, na mara nyingi dereva hasemi uongo. Ukiinama ukasoma namba zilizo ubavuni mwa tairi, unaiona sababu.

Spidi mita haipimi barabara. Inahesabu mizunguko ya gurudumu au ya shafti ya giaboksi, kisha inapiga hesabu kwa mzingo wa tairi uliowekwa kiwandani. Ukifunga tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, kila mzunguko unalisogeza gari mbali zaidi, na mita haina habari.

Chukua Hilux iliyokuja na tairi za 265/65R17 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, kisha ringi kwa inchi), kipenyo chake kama milimita 776. Mwenyewe anataka gari liinuke, anafunga 285/70R17: milimita 831. Hapo kuna ongezeko la asilimia 7. Kama mita ilikuwa sahihi kabisa, ikisoma 50 gari liko 53.5, ikisoma 80 liko karibu 86. Kilomita nazo zinapunjwa: zikiandikwa 10,000, gari limetembea 10,700, na oili imepitiliza.

Tafadhali tuache kusema kwamba tatizo ni ringi. Toka 195/65R15 nenda 205/55R16: ringi imeongezeka inchi moja, lakini kipenyo cha tairi zima kimepungua kwa chini ya milimita 3. Kinachoangaliwa ni kipenyo, si ringi.

Wengine wanajitetea kwamba mita za kiwandani huzidisha. Ni kweli, Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaitaka mita isisome kamwe chini ya mwendo halisi, ila inaruhusiwa kuzidisha kidogo. Akiba hiyo ndiyo tairi kubwa linayoila.

Sasa, ukipigwa tochi, utasimamishwa na kuelezwa mwendo uliosomwa. Ukikubali kosa, utaandikiwa hati yenye namba ya malipo. Faini unalipa benki au kwa simu. Usimpe askari fedha mkononi. Usipokubali, sema hapohapo, maana una haki ya kwenda kusikilizwa mahakamani. Lakini ubadilishaji wa tairi ulikuwa uamuzi wako, na mwendo wa gari ni jukumu la anayeshika usukani.

Kabla ya kununua, soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, kisha mwambie muuza matairi saizi hiyo, hasa kwenye matairi ya mtumba ambako unapewa lililopo. Kama umeshabadilisha, tafuta barabara tambarare iliyonyooka, shika mwendo mmoja, linganisha mita na programu ya mwendo inayotumia setilaiti. Simu aishike abiria. Ukiishika wewe huku unaendesha, hilo ni kosa jingine na lina hati yake.