Namba ya karatasi ya kura Singapore haimfichui mpiga kura

Katika makundi ya soga huzunguka ujumbe unaodai kuwa nchini Singapore, ambako chama kimoja kimeshinda kila uchaguzi mkuu tangu 1959, serikali hujua kila raia alimpigia nani, kwa sababu kila karatasi ya kura ina namba. Namba ipo kweli. Hitimisho ndilo lenye kosa.

Namba hiyo huzuia karatasi bandia na kusaidia kuhakiki hesabu. Kura zikishahesabiwa mbele ya mawakala wa wagombea, karatasi na vishina vyake (vipande vinavyobaki karatasi inapokatwa kitabuni) hufungwa kwa lakiri, huhifadhiwa chini ya mahakama kwa miezi sita, kisha huteketezwa. Kuzifungua kabla ya hapo kunahitaji amri ya mahakama. Anayetaka kuthibitisha haya asome sheria ya uchaguzi wa wabunge ya nchi hiyo, ambayo iko wazi mtandaoni.

Hofu yenyewe inaeleweka: kupiga kura ni lazima kisheria, na msimamizi husoma jina la mpiga kura kwa sauti anapompa karatasi, hivyo ni rahisi kuhisi kwamba unafuatiliwa. Hata hivyo, wapinzani walitwaa jimbo la Aljunied lenye viti vitano mwaka 2011, na wamelishikilia katika chaguzi kuu zilizofuata. Mtu anaweza kuukosoa vikali mfumo huo, mathalani ugawaji wa majimbo, bila kuzua uongo kuhusu siri ya kura. Ujumbe huu ukikufikia, tafadhali usiusambaze, kwani humtisha mpiga kura ambaye sheria inamlinda.