"Mwanangu anaenda kusomea kuchua?" Dhana potofu kuhusu vyuo vya osteopathia Marekani

Jumapili iliyopita alinipigia simu mama mmoja wa Columbus, Ohio. Binti yake kapata nafasi chuo cha udaktari, barua imekuja, nyumba nzima imepiga vigelegele. Kisha shemeji mtu akaingia kwenye intaneti, akarudi na habari kwamba kile si chuo cha udaktari bali ni cha mifupa. "Mdogo wangu, niambie kweli," akasema. "Mtoto anaenda kusomea kuchua?"

Swali hili nimelijibu harusini, nimelijibu msibani, na mara moja nimelijibu nikiwa nimeshika sahani ya pilau kwenye foleni. Mimi ni DO, yaani daktari aliyetoka chuo cha osteopathia; wa vyuo vingine vya udaktari anaitwa MD. Nimesoma huko, natibu kama daktari wa familia, na kila Jumatano mchana nasimamia maabara ya mikono ya mwaka wa kwanza, wanapojifunza kupima na kutibu kwa kushika mwili. Naandika haya ili mwingine akinipigia nimtumie hii, nami nimalize pilau yangu.

"Ni chuo cha kuchua" (na ndugu yake: "ni chuo cha madaktari wa mifupa")

Kosa la kwanza ni la jina. Osteo kwa Kigiriki ni mfupa, na sisi tayari tunaye daktari wa mifupa: ukimtaja, mtu anamwona yule wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar, anayemtia vyuma kijana aliyeanguka na bodaboda. Huyo fani yake ni orthopedia, ni mpasuaji, na kwa Marekani anaweza kuwa MD au DO. Osteopathia inakwambia mtu kapitia chuo cha aina gani. Haikwambii anatibu nini. Kuna DO anayezalisha, kuna DO wa magonjwa ya akili, kuna DO anayelaza watu usingizi chumba cha upasuaji.

Jina lilitoka kwa Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za wakati ule, zebaki na kutoana damu, hazikufaa kitu. Akapoteza imani na udaktari aliokuwa nao mkononi. Mwaka 1874 akatangaza njia yake, na 1892 akafungua chuo huko Kirksville, Missouri, kwa wanafunzi 21, watano kati yao wanawake. Aliamini kwamba maradhi mengi yanaanzia kwenye mifupa na misuli iliyokaa vibaya. Mengi katika hayo hayakusimama, na vyuo vyenyewe vilishayaweka kando zamani. Leo chanjo, antibiotiki na kisu vinafundishwa humo kama kwingine kokote. Kwa Still kumebaki jina, na kumebaki mikono.

Sasa nikueleze wiki ya binti wa yule mama itakavyokuwa. Saa mbili asubuhi anatomia, na maiti iko mezani, yeye na wenzake wanne au watano wakitafuta neva ya kwapani iliyojificha kwenye mafuta. Baada ya hapo fiziolojia, baiokemia, mikrobaiolojia, famakolojia. Jioni kadi za kukariri za Anki, programu ya simu, mia tatu, mia nne, na asipozifanya leo kesho zinamsubiri pamoja na mpya. Kila baada ya wiki mbili tatu mtihani. Kuchua kwenyewe, kama unataka kukuita hivyo, ni mchana mmoja kwa wiki. Ukijumlisha miaka yote inafika kama saa 200. Hizo ni saa za ziada juu ya zile anazosoma mwenzake wa MD. Hazikukatwa kutoka kwenye famakolojia.

Na huo mchana mmoja si spa. Njoo Jumatano. Vitanda vimepangwa safu kwa safu, wanafunzi wawili kwa kila kitanda, kaptura na fulana, mmoja mgonjwa mmoja daktari, halafu wanabadilishana. Kazi ya siku: tafuta pingili ya 7 ya kifua. Kijana mmoja mwaka huu aliniambia kaipata, kidole kimetulia, uso umejaa imani. Nikamwambia mwenzake alegeze mikono, nikamshika yeye kidole na kukipeleka kwenye ncha ya chini ya mfupa wa bega. Kwa mtu aliyelegea, ncha hiyo huwa usawa wa pingili ya 7. Yeye alikuwa juu kwa pingili mbili. Akahesabu upya, akakosea tena, mara hii kwa moja. Wiki ya sita anaipata akiwa anazungumza habari nyingine.

Wiki za mwanzo tunawapa zoezi la unywele: unawekwa chini ya karatasi, unautafuta kwa ncha za vidole huku umefumba macho. Ukiupata unaongezewa karatasi ya pili, ya tatu, ya nne. Wanacheka wiki ile. Hawacheki wanapoanza kuhisi msuli mmoja wa shingo umekaza upande wa kulia na wa kushoto umelegea, kabla mgonjwa hajasema chochote. (Na kateni kucha, jamani. Kila mwaka nasema, kila mwaka kuna mgongo unaotoka maabara na alama nne.)

Halafu nawauliza swali ambalo mchuaji wa sokoni haulizwi: lini usiguse? Bibi wa miaka 74 mwenye mifupa iliyopungua uzito, saratani ya tezi dume iliyosambaa mpaka mgongoni, mtoto mwenye ugonjwa wa Down ambaye pingili mbili za juu za shingo huenda hazikushikana sawasawa. Migongo na shingo kama hizo ukizinyonga kwa kishindo unaweza kuua mtu. Anayelijua hili na anayejua kukanda hawatoki darasa moja.

Sitaki mnidhanie muuza dawa. Si kila tunachofundisha kina ushahidi wa kutosha. Kwa maumivu ya kiuno mikono ina msaada wake, na wagonjwa wangu wa kiuno nawashika. Ile sehemu ya fuvu, inayodai kwamba mifupa ya kichwa cha mtu mzima inacheza na vidole vinaweza kuihisi, naifundisha kwa sababu mtihani wa taifa unaiuliza, na wanafunzi wananisoma usoni. Wakishahitimu, wengi hawaigusi tena hata ile ya kiuno. Wanaandika dawa, wanasoma moyo kwenye karatasi ya ECG, wanarudi nyumbani.

Kwa asiyeridhika bado, nampa kisa cha California. Mwaka 1962 jimbo lile liliamua kuwageuza DO wake kuwa MD. Kama 2,000 hivi walilipa dola 65, wakapewa cheti kipya, na kesho yake wakawatibu wagonjwa walewale kwa mikono ileile. Mississippi lilikuwa jimbo la mwisho kuwapa DO leseni kamili, mwaka 1973. Sean Conley, aliyekuwa daktari wa Trump Ikulu katika muhula wake wa kwanza, ni DO. Kevin O'Connor, aliyekuwa daktari wa Biden, ni DO. Shemeji mtu hayo hakuyasoma.

"Ni mahali pa waliokosa MD"

Wastani wa alama za MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, za wanaoingia DO uko chini kwa pointi kadhaa, hilo kweli, na wapo walioomba kote wakapokelewa upande mmoja tu. Lakini mwili wa binadamu haujui ulikubaliwa wapi. Akishaingia anasoma yaleyale, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari Marekani leo wako kwenye vyuo vya DO. Tusonge.

"Masomo si asubuhi? Jioni apige shifti"

Hapa ndipo napandwa na presha. Wengi wetu tulifika nchi hii tukafanya kazi nyumba za wazee usiku na kusoma chuo mchana, tukamaliza shahada ya kwanza hivyo, na tunaona mtoto naye aweze. Hawezi. Nimemwona kijana aliyeficha shifti zake za usiku wa Ijumaa na Jumamosi kwa sababu nyumbani kulikuwa na kodi ya kulipa. Alikuwa na akili kuliko mimi. Alirudia mwaka, na mwaka wa kurudia una ada yake, kwa hiyo zile shifti ziliigharimu familia mara nyingi zaidi ya zilichoingiza.

Hesabu ya pesa ifanyike mapema. Vyuo vingi vya DO ni vya binafsi, na ada ya mwaka kwa vingi imeshavuka dola 50,000 kabla hujala wala kulala. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi mpya wa udaktari unakomea dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Raia anaupata, mwenye green card anaupata, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi naye anaupata. Hili la mwisho nawaambia hasa ndugu zetu Wakongo, maana kila mara nakutana na mzazi aliyeambiwa asubiri uraia kwanza. Mwenye viza ya mwanafunzi haupati, na vyuo vingi havimpokei kabisa au vinamtaka aonyeshe fedha ya ada ikiwa benki. Piga simu chuoni uulize kabla ya kulipa dola ya maombi.

"Miaka minne atakuwa palepale, tukodishe nyumba"

Msisaini mkataba. Vyuo vingi vya DO havina hospitali yao. Miaka miwili ya kwanza mtoto yuko chuoni, ya tatu na ya nne anapelekwa hospitali zenye makubaliano na chuo: miezi miwili mji huu kwa magonjwa ya ndani, wiki sita mpaka nane kule kwa upasuaji, uzazi kwenye mji mdogo ambao hospitali yake ina vitanda vichache na daktari mmoja anayejua kila mtu kwa jina la baba yake. Mimi mwaka wa tatu nilihama mara nne. Vyombo vyangu vilikuwa sufuria mbili, mwiko, na mkeka wa Pemba niliopewa na shangazi, vyote vinaingia nyuma ya gari. Gari ni lazima. Mtoto asiye na leseni ya udereva aanze kujifunza kiangazi kabla ya chuo.

Katika ile miji midogo nilizalisha wanawake wengi kuliko rafiki yangu wa hospitali kubwa ya mjini, ambaye mbele yake palikuwa na foleni ya madaktari wanaosomea ubingwa.

"Binti wa Kiislamu atavuliwa nguo mbele ya wanaume"

Maabara inahitaji mgongo uonekane, sikatai. Kwetu kuna kona yenye pazia, wasichana wanaotaka wanafanya kazi wao kwa wao, na wenye ushungi wanabaki nao, tunaukunja tu kwenye zamu ya shingo. Vyuo havifanani, kwa hiyo hili liulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa amana. Hakuna mwalimu atakayeshangaa, tunaulizwa kila mwaka.

"Mtihani ni mmoja"

Wa lazima ni COMLEX, mtihani wa leseni wa DO. Lakini wengi wanafanya na USMLE ya wenzao wa MD juu yake, ili maombi yao ya ubingwa yasiwekwe kando na mtu asiyejua kusoma alama za COMLEX. Mitihani miwili ya siku nzima, wiki chache kati yake, ada mbili. Ni upuuzi. Lakini anayetaka upasuaji namwambia aifanye yote.

"Hawezi kuwa bingwa"

Tangu 2020 mafunzo yote ya ubingwa yako chini ya mwavuli mmoja, DO na MD wanagombea nafasi zilezile, na zaidi ya asilimia 90 ya DO wa mwaka wa nne wanaopeleka maombi wanapata nafasi. Upasuaji wa ubongo na ubingwa wa ngozi ni mlima, na zipo programu ambazo bado hazimtazami DO.

"Akirudi nyumbani ataambiwa si daktari"

Hofu hii ina mzizi wa kweli. Uingereza mtu anayeitwa osteopathi si daktari: wana sheria yao ya 1993 na baraza lao, hawaandiki dawa, hawapasui. Karani wa Dar au Nairobi akilijua hilo jina kwa Kiingereza cha London, atakutazama vibaya. Kwa hiyo anayetaka kurudi aandike mapema kwa baraza husika, Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, KMPDC kwa Kenya, aeleze kwamba shahada ni ya Marekani na inampa leseni kamili kwenye majimbo yote 50, kisha atunze jibu lao. La maandishi. Hili la kuambiwa kwenye simu kwamba "njoo tu, tutaona" halina thamani.

"Basi akija likizo atanitazama goti"

Hili aliuliza yule mama mwenyewe, baada ya dakika arobaini, sauti imeshatulia. Nikamwambia hapana. Mwanafunzi hana leseni, hatibu mtu sebuleni, hata mama yake. Krismasi atafika amechoka, atalala siku mbili, akiamka ataomba kukushika mgongo apate mazoezi ya kuhesabu pingili, na hapo umruhusu, ulegeze mabega, umsahihishe akibonyeza sana. Goti lina kliniki. Nikampa namba.