Seli za kuzuia: zinavyoshika hamu ya mtu na afya ya akili yake

Mtu akipoteza hamu ya kazi, ya kula, hata ya kuoga, huambiwa ajikaze. Tunachukulia kwamba nguvu ya kumsukuma imepungua. Lakini hamu haitokani na msukumo peke yake. Ubongo una seli za neva zinazoamsha seli nyingine, na una nyingine ambazo kazi yake ni kuzituliza. Hizo za pili ndizo seli za kuzuia.

Kwenye gamba la ubongo, seli za kuzuia ni kama 1 kati ya 5. Nyingi hutumia kemikali iitwayo GABA, iliyogunduliwa ndani ya ubongo mwaka 1950. GABA ikimwagwa juu ya seli ya jirani hufungua vijilango kwenye utando wake, chembe za kloridi huingia, na kwa muda mfupi sana seli hiyo inakuwa ngumu kuamka.

Kuzuia huku si kuzima. Trafiki wa njia panda ya Mwenge jioni husimamisha upande mmoja ili mwingine upite. Ndani kabisa ya ubongo ipo striatamu, inayosaidia kuchagua tendo lipi lifanyike sasa, na huko karibu seli zote ni za kuzuia. Unapoamka alfajiri kuwahi daladala, seli za kuzuia zimezinyamazisha seli nyingine za kuzuia mpaka tendo moja likaachiwa. Vivyo hivyo kwa kubaki kitandani.

Sasa tuje kwenye dopamini, ambayo wengi wameisikia ikiitwa kemikali ya raha. Kwa kweli inahusika zaidi na kutaka kitu na kukifuata. Seli zinazoitoa ziko kwenye ubongo wa kati, na zimekaa bega kwa bega na seli za GABA zinazozishikilia. Mwaka 2007 watafiti Matsumoto na Hikosaka walionyesha kwa nyani kwamba mnyama akikosa zawadi aliyoitarajia, sehemu ndogo iitwayo habenula huchangamka na seli za dopamini hunyamaza. Habenula haizinyamazishi yenyewe. Huzichochea seli za kuzuia, nazo ndizo zinazofanya kazi hiyo. Kwa kibarua aliyeahidiwa malipo Ijumaa akaambiwa njoo wiki ijayo, utaratibu huu una faida: unamfundisha asiitegemee tena ahadi ile. Majaribio ya wanyama yanaonyesha kwamba habenula ikichangamka kupita kiasi, mnyama huacha kuhangaika hata pale ambapo angefanikiwa. Watafiti wengi wanaona hapo njia mojawapo ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu.

Mfano ulio karibu zaidi na Dar ni unga, yaani heroini. Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, na mofini huzinyamazisha zile seli za GABA zinazoshikilia dopamini. Zikinyamazishwa, dopamini humwagika kwa kiasi ambacho chakula au mshahara hauwezi kukifikia. Ubongo nao hujirekebisha ili kuhimili hali hiyo, kiasi kwamba unga ukikosekana, mtu anaingia kwenye arosto: jasho, maumivu ya mwili, kuhara, kukosa usingizi. Kumwita teja mtu asiye na nia ni kumwonea. Anayo nia, na kali sana, ila imefungwa kwenye kitu kimoja.

Kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilianza katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Kwa kawaida mgonjwa hufika kila siku na kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Methadoni hukaa kwenye vipokezi vilevile vya heroini, yaani sehemu za seli ambako dawa hujishikiza, ila huingia polepole na hudumu zaidi ya siku nzima, hivyo haileti mlipuko wa raha na arosto haipati nafasi.

Kuna dawa zinazofanya kinyume, yaani kuiongezea GABA nguvu. Fenobabitali hutuliza kifafa kwa njia hiyo, na diazepamu hutuliza wasiwasi. Pombe pia hupita humo, ndiyo maana kuichanganya na diazepamu kunaweza kusimamisha pumzi. Anayekunywa pombe nyingi kila siku, au aliyezoea vidonge hivyo miezi mingi, asiache ghafla. Ubongo uliokwisha kupunguza uzuiaji wake wenyewe hubaki bila kizuizi, na degedege huweza kumpata ndani ya siku chache. Dozi hupunguzwa kidogokidogo, chini ya daktari.